Uliza kabla ya sindano

Hii mambo ya kufundisha manesi wafuatilie ukuaji wa watoto wadogo, yaani kukaa, kushika, kuongea na kucheza, si kilo tu, imenikaa kooni, acha niiandike. Kila nikiongea na wenzangu huku Busia, upande wa Uganda, naona tunazunguka palepale. Watu wanadhani ukimpeleka nesi hotelini siku mbili akanywa chai, akasaini alawansi, akarudi na chati mpya, basi amefundishwa. Chati tunazo bwana, ziko ukutani zimebandikwa mpaka zingine zimefifia. Shida ni vile tunauliza.

Chukua siku ya chanjo. Akina mama wamejaa kwa benchi tangu asubuhi, wengine wamevuka kutoka upande wa Kenya, mwingine ameachia jirani meza yake ya mukene, wale dagaa, sokoni na anataka kurudi haraka. Nesi anapima kilo, anazungusha ule utepe wa rangi mkononi, anaangalia kadi, sindano, haya mwingine. Akikumbuka mambo ya ukuaji anauliza bila hata kuinua macho, "Anakaa?" Mama anasema eeh. Wewe ungejibu nini? Foleni iko nyuma yako, sista ana haraka, na ukisema hapana pengine atakugombeza mbele ya watu ati mtoto humwangalii. Eeh ndio jibu la usalama. Nesi anaandika sawa, maisha yanaendelea.

Kuna mwongozo wa kufuatilia ukuaji wa mtoto unaitwa GMCD, daktari wa watoto wa Uturuki Ilgi Ertem na wenzake waliuchapisha 2008, alafu baadaye wakaupima pia India, Argentina na Afrika Kusini. Huo haumtegi mama kwa ndio na hapana, unamwomba asimulie. Mtoto akitaka kitu anakuonyesha vipi? Ukiongea naye anaelewa nini? Mikono anaitumia vipi, anacheza na nini, watu wa nyumbani anawafurahia vipi? Unachukua kama dakika 7 mpaka 10. Najua mmeshaanza kucheka, dakika kumi nitazitoa wapi na foleni hio, ngoja nitafika hapo.

Juzi nilikaa na nesi mmoja kijana tukafanya mazoezi na mama kabisa, si ile ya kuigizana darasani. Mtoto wa miezi tisa, kilo safi, mashavu haya. Nesi akauliza kama kawaida, mama akajibu eeh anakaa. Nikamwambia hebu muulize Mama Baraka huyu mtoto anashinda akifanya nini nyumbani. Mama akacheka, akasema, "Aah sista, huyu ni mpole sana, nikimzungushia mito anakaa hivyo tu ananiangalia, kitu anachukua na huu mkono, ule mwingine haupendi." Nesi akatoa kifuniko cha chupa, akakishika upande wa kushoto wa mtoto. Mtoto akageuka mwili mzima akakichukua na wa kulia. Ule wa kushoto ulikuwa ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Mtoto ambaye hajafika mwaka hatakiwi awe ameshachagua mkono hivyo, hio ni ya kupeleka mbele, na kwenye kadi kila kitu kilikuwa kimeandikwa sawa. Alafu mama mwenyewe ndio akaongeza, bila kuulizwa, kwamba huyu alizaliwa akachelewa kulia.

Na si jambo la kubahatisha hapa kwetu. Utafiti wa Iganga na Mayuge uliotoka 2017 ulikuta mtindio wa ubongo, yaani ubongo umeumia mapema mpaka mwili haujongei vizuri, kwa karibu watoto 3 katika kila 1000, na kama robo yao ubongo uliumia baada ya kipindi cha uchanga, degedege na malaria kali zikiwemo. Kwa hivyo hata yule aliyezaliwa vizuri, akitoka wadi ya malaria, lazima uulize tena. Mtoto akipoteza kitu alichokuwa anakiweza usimwambie mama tungoje.

Lakini nesi aliyefundishwa nusu naye ni hatari kwa upande mwingine. Atamwona mtoto wa mwaka hatembei aanze kumtisha mama, wakati vipimo vya WHO vya 2006 vinaonyesha watoto wenye afya wanaanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na karibu 18, na wengine hawatambai kwa mikono na magoti hata siku moja, wanasimama tu. Na njiti jamani, aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati unaitoa hio miezi miwili kwanza ndio uanze kuhesabu. Hili nesi wengi hawaambiwi kabisa, na ni hesabu ya darasa la pili.

Sasa muda. Zamani baada ya chanjo za wiki 14 mtoto alikuwa anapotea mpaka ile ya surua ya miezi tisa, yaani ile miezi yote ya kujifunza kukaa na kushika vitu hatumwoni. Tangu Aprili 2025 chanjo ya malaria imeanza kwenye wilaya 105, inatolewa miezi 6, 7, 8 na 18. Kwa hio mtoto anakuja mwenyewe mara tatu mfululizo, na huhitaji kumaliza maswali yote siku moja. Leo mikono na kukaa, mwezi ujao kuongea na kucheza, maswali mawili matatu wakati unaandika kadi. Tena uliza KABLA ya sindano, maana ukishamdunga analia, hachezi na kifuniko chako wala hageuki ukimwita.

Wanaopanga mafunzo, punguzeni siku za hotelini mje msimame na sisi kwenye foleni, hata asubuhi moja kila mwezi, mtusikie tunavyouliza. Na mtuambie tumpeleke wapi. Kichwa kikikua haraka tunajua, hospitali ya CURE pale Mbale. Lakini huyu wa mkono mmoja anahitaji fizio, mazoezi ya viungo, kila wiki, na nauli ya boda na taksi kwenda na kurudi mama ataimaliza mwezi wa kwanza. Mama Baraka tumemwandikia barua ya rufaa, na tumemwonyesha kumpakata na kumletea vitu upande wa kushoto ili ule mkono ufanye kazi. Amesema ataenda akishauza, apate nauli.