Tik, tik, kimya

Kwanza nilidhani ni feni. Tik, tik, tik, kimya, kisha tik tena. Nikasogeza sikio mezani: ilikuwa diski ya nje, ile ya GB 500, iliyobeba harusi nzima ya watu wa Muheza. Mwaka 2014, studio yetu ya video ilikuwa chumba kimoja Ngamiani, Tanga, na memori kadi za kamera nilishazifuta kurekodia harusi nyingine. Nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Dalili zilikuwepo. Wiki nzima folda ile ilichelewa kufunguka, nami nikailaumu kebo. Diski huweka hesabu zake yenyewe, za sehemu zilizogoma kusomeka, na kuna programu za kuzionyesha. Mimi sikuwahi hata siku moja kuziangalia.

Mwenzangu akachukua bisibisi. "Tuifungue tuone kichwa." Skrubu mbili zilikuwa zimeshatoka nilipompigia simu kaka mmoja, fundi wa kompyuta Dar.

"Umeizima?"

"Bado, kaka."

"Izime sasa hivi, mdogo wangu. Na msifungue!"

Akanieleza kwa nini. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake bila kugusa, katika mwanya mwembamba kuliko chembe ya vumbi. Ukifunua kifuniko pale mtaani, vumbi likiingia, kichwa kinakwaruza sahani na kilichoandikwa pale hakirudi tena. Kila dakika diski mbovu inapowaka nayo inazidi kuiumiza. Nikarudisha zile skrubu, mikono ikitetemeka.

Alinitumia kwa basi flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na programu ya kunakili diski mbovu iitwayo ddrescue, akaniagiza ninunue diski mpya kubwa zaidi. Programu ile ina busara: inachota kwanza yanayosomeka kwa urahisi, panapogoma inaruka, halafu inarudi kupang'ang'ania kidogo kidogo. Palipokwisha kusomwa na palipogoma inapaandika kwenye faili la ramani. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa tatu. Nilikaa gizani nikiamini kazi yote imepotea. Uliporudi nikaandika amri ile ile, nayo ikaendelea pale pale ilipoachia.

Siku tano nililala studio juu ya mkeka, feni ya mezani nimeielekeza kwenye diski.

Siku ya tatu baba wa bibi harusi alikuja kuchukua DVD.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kazi tayari?"

Nilimweleza yote, pamoja na lile la kubaki na nakala moja. Akakaa kwenye benchi, akanyamaza muda mrefu.

"Na mama yangu? Yumo?"

Bibi yule maisha yake yote alikuwa akikataa kupigwa picha. Siku ile ya sendofu tu ndiyo aliyokubali, akampa mjukuu wake wosia mbele ya kamera. Nikamjibu kwamba bado sijui. Akasema atarudi Jumamosi, akaondoka bila kunigombeza.

Jumamosi tulilifungua faili pamoja. Sauti ya bibi ilitoka safi, neno kwa neno, karibu mpaka mwisho. Alipomshika mjukuu mkono, picha ikakatikakatika ikawa vipande vya kijani, sauti ikakwama kama sekunde arobaini, kisha akaonekana tena, ameshamaliza, anajifunga vizuri kanga yake.

Nikamwambia mzee kwamba naweza kuikata sehemu ile, watu wasiione.

"Usikate. Iache hivyo hivyo."

Nikamchomea DVD zake. Siku hiyo hiyo nikanakili folda yote kwenye diski mbili, moja ikalala nyumbani kwangu, na wosia wa bibi nikautia peke yake kwenye flashi. Mzee akaifunga kwenye leso mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaenda kutafuta gari la Muheza.