Herufi chini ya sufuria

Nimerudi Nairobi baada ya miaka 11 Leicester, Uingereza. Kitu cha kwanza nilichotaka ni kumtembelea mama, na sikuwa na pa kwenda.

Alifariki nikiwa mwaka wa saba huko, makaratasi yangu bado yanashughulikiwa, kwa hiyo mazishi niliyafuata kwa simu. Ningesema mazishi, lakini hakuzikwa. Aliacha maagizo: achomwe kwenye tanuru la Kariokor, hapa Nairobi, majivu yamwagwe shambani kwa mjomba Limuru, jiwe lisiwekwe popote. Nami nilikuwa nimeshaanza kuweka akiba ya jiwe! Graniti nyeusi, yenye picha yake. Miaka yote hiyo pesa ndiyo iliyokuwa ikifika nyumbani badala yangu, na sasa hata hiyo haikutakiwa.

Lawama zilimwangukia kaka yangu. Wazee walimwambia kuchoma mtu si desturi yetu. Desturi ipi? Wakikuyu wa zamani walizika wachache tu, hasa wazee wenye mali na watoto. Wengine waliachwa msituni, fisi akamaliza kazi. Kaburi la saruji lenye tarehe mbili lilitukuta baadaye, pamoja na wamishonari na serikali ya mkoloni. Tena Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti, alichomwa hapo hapo Kariokor mwaka 2011, katika jeneza la magugu maji, mianzi na mafunjo, maana hakutaka jeneza la mbao. Ila majivu yake yana mahali, Kabete. Ya mama yamo kwenye majani chai, na mjomba mwenyewe hakumbuki mstari gani.

Jumanne nilienda Kariokor, nikasimama nje tu. Jina hilo ni Carrier Corps lilivyotamkwa mitaani: wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakafa kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Nikashuka mjini hadi kwenye sanamu yao Kenyatta Avenue. Imeandikwa kwa Kiswahili kwamba wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Niliizunguka mara mbili nikitafuta hata jina moja. Halipo.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Jericho, nimenuna. Shemeji alikuwa akianika vyombo, sufuria zimefunikwa kifudifudi, na chini ya kila moja kuna W.N. kwa rangi ya kucha nyekundu. Mama aliziandika hivyo ili zirudi zikienda matangani kwa watu. Hesabu ilikuwa sita; niliona tano.

“Ile kubwa iko matanga ya nyumba za nyuma,” shemeji akasema. “Hiyo haikai. Nenda basi uilete, wewe si una miguu?”

Nikaenda. Mama mmoja aliyefunga leso kiunoni alikuwa akisugua masizi kwa majivu na mchanga. Hakunijua. Nikamwamkia, nikamwambia nimefuata sufuria.

“Sufuria ni nyingi, kijana. Ya nani?”

“Ya W.N.”

Akazipindua moja moja, akasugua chini ya ile ya nne kwa kidole gumba mpaka wekundu ukatokea.

“Ndiyo hii. Mwambie mwenyewe tumeshukuru.”

Nikasema nitamwambia.