Taa ya zahanati, korosho, na msitu wa ndege wasafiri

Aprili. Mlinzi wa zahanati alitukuta alfajiri tukienda shamba, amembeba ndege ndani ya kofia yake. Mgongo wa kijani, tumbo jekundu, mstari mweusi kupita jichoni, vitone vya buluu bawani. Alikuwa hai, amezubaa. Tulimweka kwenye boksi lenye matundu, tukalifunika kwa kanga, na jioni tukamwachia ukingoni mwa msitu. Afisa misitu alipoiona picha alisema huyu ni pita wa Afrika. Mvua zikija anazaa huku kusini, zikielekea kuisha anasafiri usiku kwenda misitu ya pwani ya kaskazini, hadi Kenya. Taa kali inamvuta, anajigonga ukutani.

Nimezaliwa kando ya Rondo, uwanda wa juu wenye msitu mkoani Lindi. Komba wa Rondo namjua tangu utoto. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1996, na mzima ana uzito wa gramu 60 hivi. Lakini kwamba msitu wetu ni chumba cha uzazi cha ndege anayekwenda na kurudi, hilo sikuwahi kuambiwa. Usiku ule sikulala vizuri. Kufikia Jumapili tulikuwa vijana kumi na mmoja tuliotaka kuulinda.

Mei. Mpango wa kwanza ulikuwa kununua msitu. Dada yetu mweka hazina alikuwa amesoma habari za watoto wa shule moja ndogo Uswidi, walioanza kuchangisha mwaka 1987 ili kununua msitu wa mvua Monteverde, Kosta Rika. Watoto wa nchi nyingine wakaunga mkono, na leo hifadhi ile ina zaidi ya hekta 22,000. Tukahesabu ekari vidoleni, tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji tumejaa furaha.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini, na ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya mwaka 1999. Sheria ya Misitu ya 2002 ndiyo iliyokiwezesha kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, na wetu ulishatengwa. "Wanangu, msitu mnao," akasema. "Mnachokosa ni miguu ya kuuzunguka." Kamati ya maliasili ilikuwa na watu wa doria wasio na buti, na alama za mpaka zilishafutika. Tangu siku ile sisemi tena tunanunua msitu. Tunanunua siku za watu wa kuulinda.

Julai. Tulichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, tukauza na chumvi na pilipili njia panda ya Mnazi Mmoja, magari ya Lindi, Mtwara na Masasi yanapokutana. Siku ya kwanza tulipata 38,000, tukarudi tunaimba. Babu mmoja, mjumbe wa kamati, akatuita barazani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Hiyo ming'oko mmeichimba wapi?"

Tukamwambia ukweli.

"Mnachimbua msitu ili mlinde msitu?"

Hatukuwa na jibu. Kesho yake alitupeleka kutazama: mashimo yetu wazi, na mizizi ya ile mimea itambaayo imeng'olewa yote, hakuna kilichobaki cha kuchipua. Tulifukia mashimo siku nzima. Ming'oko ikaishia hapo.

Agosti na Septemba, korosho. Mama zetu walitufundisha kupaka majivu mikononi kabla ya kubangua, maana mafuta ya ganda yanachubua ngozi. Vidole viwili vyangu vina makovu mpaka leo kwa siku niliyoona majivu ni usumbufu. Baada ya kutoa gharama, korosho zilituletea 265,000. Kombe la mbuzi kwenye kiwanja cha shule lilileta 94,000, na ndugu wa Dar walituma 120,000 kwa simu. Jumla, pamoja na fedha ya ming'oko: 517,000.

Matumizi nayaandika kwa sababu watu wameuliza, na wana haki. Buti jozi nne, 72,000. Rangi nyekundu na brashi za kuweka alama kwenye miti ya mpaka, 68,000. Chakula cha siku sita za kufyeka barabara ya kuzuia moto, 140,000. Fundi bati alitutengenezea kofia ya taa ya zahanati, ili mwanga uangukie mlangoni usiruke angani, kwa 15,000. Mganga mfawidhi alikubali bila hata kufikiri mara mbili. Zilizobaki, 222,000, zikawa posho za doria.

Oktoba. Moto ulikuja mchana, kutoka shamba lililokuwa likisafishwa, upepo ukiusukuma. Upande wa magharibi ulifika kwenye barabara yetu, ukakosa majani, ukafa. Nililia kwa furaha mbele ya watu. Lakini kaskazini tulikuwa hatujafyeka, na huko ulikula kichaka chote cha chini hadi korongoni. Pita huokota wadudu na konokono ardhini, kwenye majani makavu. Pale pamebaki jivu.

Desemba. Mvua imeshika. Jumanne, kabla jua halijatoka, nilisikia mlio mfupi, kama mtu anayepuliza mluzi akaukata. Babu akanishika bega, akanyoosha kidole. Juu ya tawi la chini, ndege aliruka wima, akapiga mabawa, akatua palepale, akalia tena. Tumbo jekundu. Sijui kama ndiye yule wa kwenye boksi, na wala sikuuliza. Nilisimama tu mpaka miguu ikafa ganzi.

Katika zile posho za doria zimebaki 31,000. Mwakani tunaanza kufyeka kaskazini, mwezi Julai, si Septemba. Kabla ya hapo, Aprili watasafiri tena, na taa ya shule bado haina kofia. Fundi bati nimeshamwona.