Siku Tano za Theluji

Saa kumi na moja alfajiri simu imelia, na kabla sijaipeleka sikioni nilishajua: sauti iliyorekodiwa ya mkuu wa shule za mji wetu, hapa Lowell, jimbo la Massachusetts, Marekani, ikitangaza kwamba leo shule zimefungwa. Mwanangu jana alilala amevaa pajama nje-ndani, kijiko chini ya mto. Ndiyo dawa ya watoto wa huku ya kuita theluji.

Nimekwenda jikoni na kalamu, nikakata siku kwenye kalenda iliyobandikwa kwenye friji. Ya nne hii.

Kalenda hiyo ilinichukua miaka miwili kuielewa, maana ina tarehe mbili za kufunga mwaka wa masomo. Massachusetts inataka siku 180 za masomo, lakini kila mji lazima uweke 185 kwenye ratiba kabla mwaka haujaanza. Zile tano ni akiba ya theluji. Zisipoguswa, watoto wanafunga mwaka mapema. Kila moja ikiliwa, siku ya kufunga inasogea, ikiruka Jumamosi na Jumapili. Shule ikichelewa kufungua kwa saa mbili tu, siku inahesabika na akiba inabaki salama. Kwa hiyo mimi huomba kuchelewa, mtoto huomba kufungwa. Mungu anawasikiliza watoto.

Zamani nilidhani mkuu huchungulia dirishani tu. Kumbe usiku wa theluji analala kwa mang'amung'amu, akiulizana na watu wa barabara kama mabasi yatapita. Na kwa mji kama huu, ambako watoto wengi hutembea, barabara yenyewe si tatizo kubwa. Gari la kusukuma theluji huisafisha kwa kuirundika theluji kando, pale pale mtoto anapopita.

Wenyeji hawashtuki. Wanakumbuka 2015, Boston ilipopata zaidi ya inchi 108, karibu mita mbili na robo tatu, na akiba ikaisha majira ya baridi yangali yanaendelea.

Zamu yangu inaanza saa moja. Jirani wa ghorofa ya chini amekubali tena kukaa na mtoto. Naona hata aibu kumgongea. Lakini kinachoniuma zaidi ni tiketi. Mama mkwe alipiga juzi kutoka Nakuru.

"Mama Baraka, mnakuja lini?"

"Mama, shule haijajua itafunga lini."

Kimya. Kisha akauliza kama ni mafuriko, kama yale ya 2024 yaliyofanya wizara iahirishe kufungua muhula wa pili. Nikamwambia ni kama hayo, ila huku yanawekwa kwenye ratiba tangu mwaka haujaanza.

"Basi njooni Julai," akasema.

Nauli ya Julai sikumtajia.