Siku Moja na Ramani ya Maji ya Meru

Watu wakisikia kwamba ninachora ramani za kemia ya maji ya ardhini, hudhani kwamba kutwa nzima nimeketi mbele ya kompyuta. Leo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikafunga chupa za sampuli, za plastiki kwa kuwa floraidi, madini ambayo yakizidi katika maji huharibu meno, hushambulia kioo, na kufikia saa tatu tulikuwa tumemaliza chemchemi mbili za juu ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, ambako maji hayajakaa muda mrefu ndani ya miamba.

Kisima kirefu cha upande wa Ngarenanyuki ndicho kilichomeza siku yetu. Mwenye ufunguo wa nyumba ya pampu alikuwa mnadani na simu yake haikupatikana, basi tukakaa chini ya mgunga. Mama mmoja mwenye madumu alipokwisha kuitikia shikamoo yangu, aliuliza, "Mwanangu, mlikuja mkapima, mkarudi mkapima. Maji yenyewe mtaleta lini?" Nilimweleza kwamba lava za Meru zina floraidi nyingi, na kwamba maji yenye sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo hushindwa kuitenga floraidi hiyo ikaganda na kutoka majini. Akasema yeye aliambiwa meno huharibiwa na magadi. Hakukosea kabisa, kwani magadi nayo huwa na floraidi, lakini nilikuwa nimechoka na jua, nikamjibu kwa mkato, jambo linaloniuma hadi sasa. Mwenye ufunguo alifika saa nane, akaisoma barua yetu mara mbili, akatukatalia kwa kuwa haikuwa na mhuri wa kijiji.

Ofisini giza lilikuwa limeingia. Vipimo vya zamani vya mahali visima vilipo, vilivyoandikwa kwa Arc 1960, mfumo wa ramani uliotumika kabla ya GPS, vilikuwa vimechanganywa na vya GPS, hivyo baadhi ya visima vilikuwa vimehama takriban mita 300, kimoja hadi ng'ambo ya korongo. Nilivirudisha kimoja kimoja. Kisha nikabadilisha kikomo cha floraidi kutoka miligramu 4 kwa lita, ambacho Tanzania ilikiruhusu zamani, hadi 1.5, na visima vya kijani vikageuka vyekundu mbele ya macho yangu. Programu ilitaka kupaka nyekundu hata pale tulipofukuzwa, maana yenyewe haioni haya kukisia. Nimepaacha peupe. Kesho saa mbili nitakuwa kwa mtendaji wa kijiji, nikingoja mhuri.