Picha Zilizotoa Jasho Mombasa

Treni ilitushusha Miritini na gharama zikaanza papo hapo. Mjini ni mbali, na pikapu ya kubeba picha zetu 36 za maonyesho ilitutoza zaidi ya tiketi zetu mbili za treni.

Ni picha za Wakenya wasioandikwa magazetini: mkunga wa Loiyangalani, mchimba visima wa Kitui, fundi wa mitumbwi wa Homa Bay. Huko Nakuru na Eldoret picha zilizunguka bila kasoro. Mombasa, kufikia siku ya pili, 11 zilikuwa zimeganda kwenye vioo vya fremu.

Kosa lilikuwa letu. Karatasi ya kung'aa tuliilaza juu ya kioo bila nafasi. Usiku kiyoyozi kinapoza fremu. Asubuhi mlango ukifunguliwa, hewa ya pwani yenye joto na unyevu inapenya kwa nyuma na unyevu wake kugeuka matone. Karatasi inalainika, kisha inanata.

"Wanangu, picha mmezinyima pumzi," alisema mzee fundi wa fremu Mji wa Kale. Akatukataza kuzivuta, maana rangi hubaki kwenye kioo. Alikata kadi ya unene wa milimita 3, akaizungushia pembezoni ili picha isiguse kioo. Utepe aliubandika upande wa juu tu. Karatasi hutanuka kwa unyevu, na ikibanwa pande zote nne hufanya mawimbi. Ubao wa nyuma, uliotengenezwa kwa unga wa mbao, ulikuwa umefura, wote tuliutupa. Kuchapisha upya kulimeza siku tatu na pesa za chakula.

Kuta za matumbawe nazo hazishiki msumari, humeguka. Tulitumia stendi za miguu mitatu kuwekea picha, kila mguu na mfuko wa mchanga wa kilo 5, kwa sababu upepo wa kusi ulikuwa umechacha.

Tukavuka Likoni hadi Msambweni kutafuta picha ya 37: mzee wa Kimakonde, mmoja wa watu walioandamana kwa miguu mwaka 2016 kudai uraia. Kamera iliyotoka kwenye gari la baridi huingia ukungu, basi tuliiacha nusu saa ndani ya mfuko uliofungwa. Babu alitaka apigwe akiwa na kitambulisho chake. Kadi ilirudisha jua lote. Tulimhamishia chini ya mwembe, akaiinamisha kidogo, kidole gumba kikifunika namba, mpaka sura yake ndogo ikaonekana kando ya ile kubwa.