Mdogo wangu anaenda kuwinda swala Marekani, ramani nimepewa mimi

Basi jamani, kwa mnaoniuliza kwa nini usiku niko online mpaka saa saba halafu asubuhi nafika kazini na macho mekundu, jibu ni hili: mdogo wangu, yule fundi umeme aliyeshinda loterie ya viza na sasa yuko kwenye mine ya trona, mgodi wa magadi, pale Green River, jimbo la Wyoming, amepata lisansi ya kuwinda swala. Wa kwanza maishani. Mtu ambaye hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, Congo, kuku akichinjwa ye anaenda kusimama nje ya lupango, nje ya ua kabisa.

Kule lisansi si kwenda ofisini na hela ukarudi na karatasi. Kila eneo lina hesabu yake ya wanyama, mnaomba mpaka mwanzo wa mwezi wa 6, halafu inapigwa bahati nasibu, katikati ya mwezi ndo unajua umepata au umekosa. Ye amekaa jimboni zaidi ya mwaka mzima, njo maana wamemhesabu kama mwenyeji, mgeni bei yake ni kubwa mara kadhaa. Na kabla ya yote amesoma kozi ya usalama wa bunduki, juu kwao kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia 1966 lazima awe nayo. Bunduki ni ya kuazima kwa mwenzake wa kazi, .243, kila jumapili wanaenda kulenga nayo shabaha kwa mita 100 na ananitumia picha za karatasi zenye matundu kama mtoto anayeonyesha bulletin ya shule.

Sasa mnyama mwenyewe. Kwa mdomo wanamwita antelope lakini jina lake ni pronghorn na kwa ukoo si swala hata kidogo, jamaa zake wa karibu walio hai leo ni twiga na okapi. Okapi wetu huyu wa msitu wa Ituri! Nilimwambia mzee, akacheka mpaka akakohoa, akasema basi kijana anaenda kumpiga shemeji yake okapi. Anakimbia karibu kilomita 90 kwa saa, pembe zake zina ganda linaloanguka kila mwaka na kuota upya, na kitu cha kushangaza, mnyama wa mbio hivi mbele ya uzio haruki, anainama anapita chini ya waya. Na macho! Anakaa kwenye tambarare yenye vichaka vya kijivu vinavyofika magotini, wewe hujamuona, ye alishakuona tangu uliposhuka garini.

Lakini shida yetu kubwa si mnyama, ni ardhi.

Mi kazi yangu ni topografe, mpima ardhi, siku nzima niko na carré za mine, ile miraba ya ardhi ya kuchimba madini, hapa kwetu carré moja ni karibu hekta 85 na nikiona mistari iliyonyooka kwenye ramani najisikia nyumbani. Alipopiga simu, "Yaya (ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake), nitumie macho yako, hii ramani inanichanganya," nikafungua nikaona ubao wa dama, wa kuchezea drafti. Kabisa, mraba mmoja wa njano mmoja mweupe, wa njano mweupe, mpaka mwisho wa skrini. Njano ni ardhi ya serikali kuu, inasimamiwa na BLM, idara yao ya ardhi, raia yeyote anaingia bila kuomba mtu. Nyeupe ni ya mtu binafsi, huingii bila ruhusa. Kila mraba ni maili moja kwa maili moja, kama hekta 259, yaani carré zetu 3 hivi.

Nani alichora hivyo? Reli. Mwaka 1862 Bunge la Marekani lilitoa sheria ya reli ya kuvuka nchi, na kampuni ikalipwa kwa ardhi, mraba mmoja yako mmoja yetu, na pale Wyoming ikaenda mpaka maili 20 kila upande wa reli. Sisi watu wa Lubumbashi hii hadithi hatuhitaji kuelezwa mara mbili, mji wetu umekua juu ya reli na shaba, tunajua konsesyo inavyoweza kumzunguka mtu mpaka anakosa njia ya kwenda shambani kwake.

Sasa fikiria, mraba wa njano umezungukwa na mweupe pande zote nne, unagusana na njano mwingine kwenye kona tu. Ni yako kama raia, lakini utafikaje bila kuruka angani? Kuna wawindaji wanne wa Missouri walipitia konani, 2021 wakaja mpaka na ngazi wakaiweka juu ya kona wakavuka bila kukanyaga upande wa tajiri. Wakashtakiwa, baraza la wananchi la mahakamani (jury) likawaachia, tajiri akafungua kesi ya madai, na 2025 mahakama ya rufaa ya Denver ikasema hawakukosea, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikakataa kuisikiliza tena. Mdogo wangu kusikia hivyo akafurahi, basi yaya mi napitia konani!

Nikamwambia tulia. Kona ni nukta. Telefone yako ikikosea mita 5, na inakosea, wewe uko kwenye shamba la mtu na bunduki mkononi, na sura yako hiyo, na kiingereza chako hicho. Kama lazima, tafuta boni yenyewe, ile alama ya mpaka, wapimaji wa kule wameacha bomba lenye kofia ya shaba iliyoandikwa namba, piga magoti uisome kwa macho yako. Ila kwa mara ya kwanza achana na kona. Tumeshuka kusini zaidi, nje ya ule ubao, palipo njano tupu na barabara ya wote inaingia mpaka ndani. Wanyama labda ni wachache na wawindaji ni wengi, sawa, lakini atalala bila kufikiria polisi. Tumeweka alama sehemu 3, na ya 4 ikiwa mvua itanyesha, juu udongo wa kule ukilowa gari linakwama kama kwetu mwezi wa 2.

Mjomba naye ameingia kwenye plani bila kualikwa. Zamani aliwinda upande wa Kasenga na pupu yake, bunduki ya kienyeji, kama alikuwa na permi mi sijui na sitauliza (sheria yetu ya uwindaji ni ya 1982, naapa hajawahi kuiona). Ye hoja yake ni upepo. Chukua jivu laini, funga kwenye kitambaa chepesi, ukitikisa unaona linaelekea wapi, mnyama awe upande upepo unakotoka. Kusikia kwamba kijana lazima avae nguo ya rangi ya chungwa inayowaka, au waridi, ndo sheria, akashika kichwa. "Mwindaji au mtu wa kufagia barabara?" Tukamweleza kwamba ni ili wenzake wasimpige, mnyama haioni ile rangi kama sisi. Hajakubali.

Na mama wa kijana swali lake moja tu, mguu mmoja atauza bei gani. Hauzwi, mama, kule kuuza nyama ya pori ni kosa, na kuiacha ioze porini pia ni kosa. Kwa hiyo mifuko ya barafu inakaa garini tangu asubuhi, mnyama akianguka tu anapasuliwa, ngozi inatoka palepale juu mchana bado kuna joto na ile nyama ikichelewa inaharibika ladha. Mjomba alitaka ikaushwe kwa moshi.

Jana usiku mdogo wangu kaandika: yaya, jivu nitoe wapi, nyumba nzima ni umeme. Nikamwambia achome boksi la viatu. Saa moja baadaye akatuma video, kengele ya moshi inalia, mke wake anafungua madirisha, na ye kashika kisoksi cha mtoto kilichofungwa na kamba, anatikisa.